Kilio cha Mama Tabea

Kwenye skrini, theluji ilianza kugeuka saa nne asubuhi. Ikawa vumbi jekundu. Msitu mweusi ukasinyaa ukawa vichaka vya miiba, na mpelelezi wa kike mwenye sweta zito akawa Inspekta Semeni wa Kizota, mwanamke mkali asiyemaliza chai yake. Kihamishi kilikuwa kazini. Mtambo huu, fahari ya jiji la Dodoma, ulimeza tamthilia ya mauaji kutoka Denmaki au Swideni, na baada ya saa moja ukaitema ikiwa ya hapa: sura, nyumba, majina, sauti. Hakuna mwigizaji aliyehitajika.

Jambo moja tu liliushinda. Katika tamthilia za kule, mama akiambiwa binti yake ameuawa, hunyamaza na kutazama dirishani. Watazamaji walikasirika.

"Wanauliza huyu mama ana moyo au ana jiwe," alisema Bi Sadala, mkuu wa studio. "Elikana, ufundishe mtambo wako kulia."

"Unajifunza kwa kusikia, bosi. Nani atatupa msiba wake?"

"Kwani kwenu watu hawafi?"

Wakacheka. Lakini mhandisi Elikana Chiwanga alikuwa nao msiba. Miaka tisa nyuma, dada yake Tabea alipofariki kwa homa, alirekodi siku tatu za matanga ili mjomba wao, aliyekuwa machimboni Mwezini, naye ashiriki. Sauti ya mama yao ilikuwa humo. Elikana aliona ni heshima: mama yake angeufundisha mtambo jinsi binadamu anavyolia! Akaulisha yote. Hakumwuliza mama.

Sehemu ya sita ikarushwa. Mama wa kwenye tamthilia akaanguka jamvini, sauti ikapanda mara tatu, ikakatika, ikapanda tena: "Mwanangu, uji wako umepoa! Amka unywe, mwanangu!"

Nchi nzima ikalia naye. Wiki ya pili ikaanza kucheka. Wauza uji wakakifanya kilio kile wito wa biashara. Mpira ukitoboka, watoto walianguka chini wakalia kwa sauti ile ile, ikipanda mara tatu. Mama Tabea aliyasikia yote sokoni, akanunua mboga zake, akarudi nyumbani. 

Mwezi uliofuata akafariki Yudithi, mdogo wake wa mwisho.

Mama Tabea aliingia msibani, akaketi jamvini kati ya wanawake, akashika kichwa. "Yudithi we! Mdogo wangu! Umeniachia nani?" Sauti ikapanda mara tatu, ikakatika.

Pembeni, wasichana wawili wakabana vicheko.

"Jamani, anamwiga yule wa kwenye runinga."

"Mtu mzima hivyo! Tena msibani!"

Mama Tabea akasikia. Akafunga mdomo, akakaa wima, na hakulia tena mpaka jeneza likatoka.

Elikana akamkuta nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta peke yake.

"Mama, ni mimi niliyewapa ile rekodi."

"Najua. Nani mwingine alikuwa nayo?"

"Nitaifuta. Leo hii hii."

"Utaifuta kwenye masikio ya nani?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Elikana. "Nilikuwa na kilio kimoja tu, mwanangu. Nilikirithi kwa mama yangu, naye alikirithi kwa mama yake. Leo wamemzika mdogo wangu, na mimi nimekaa kama mgeni aliyekuja kula wali."

Elikana akapiga magoti mavumbini. Alitaka kuomba radhi kwa maneno, lakini kilichotoka kilikuwa kilio, kikubwa, kibaya, kama cha mtoto aliyepotea.

Mama yake akageuka haraka kutazama kama kuna watu. Akavua khanga mabegani, akamfunika nayo kichwa chote, akambana kifuani.

"Humo humo, baba," akamnong'oneza. "Lia humo humo. Wasikusikie."