Jina la Kijifichi wa Saba

Mpambanuzi, mashine ya kutambua viumbe, alizama ndani ya tangi, akamgusa samaki mmoja kwa ncha ya mkono wake wa chuma, akaonja chembe ya ute, akatulia. Sekunde nne tu! Ukuta wa maabara, hapo Tanga mwaka 2091, ukawaka mti wa nasaba ya vijifichi, samaki wadogo wa mwambani ambao familia yao nzima ilijulikana kuwa na spishi sita. Pembeni palichipuka tawi la saba, halina jina.

"Spishi mpya, Mwalimu!" Mwanahawa akaruka. Mashine ile aliibuni yeye, huyu huyu aliyefundishwa na Dakta Mbaruk hata kushika hadubini.

"Hongera," Mbaruk akasema, na moyoni anaungua. Miaka thelathini na moja amehesabu magamba na miba ya mapezi ya vijifichi mpaka jicho la kushoto likafifia, na hakupata hata mmoja mpya. Leo bati linaonja ute, mwenye bati anavuna! Wivu, jamani!

"Nipe siku tatu nimwandike vizuri," alisema Mwanahawa. "Jina ninalo, ila sikuambii ng'o!" Akacheka.

Waainishaji wote wa viumbe wanaijua sheria yao: jina linalotangulia kusajiliwa ndilo la milele, hata likiwa la ovyo, linalofuata halihesabiki. Mwanahawa alipokwenda kula, Mbaruk alijifungia na yule samaki, akahesabu miba kumi na mitatu, akaandika ukurasa mmoja. Mtu hampi kiumbe aliyemgundua jina lake mwenyewe, ni aibu kubwa. Basi akamwita Kahawia, kwa rangi yake. Akabonyeza. Daftari la Viumbe la Dunia likajibu: Limesajiliwa.

Siku mbili alitembea kifua mbele.

Siku ya tatu Mwanahawa aliingia ofisini kwake, macho mekundu, akaweka kishikwambi mezani. "Ungeniambia unamtaka, Mwalimu, ningekuachia."

Mbaruk akasoma. Chini ya picha ya samaki paliandikwa: *mbaruki*. Kwa heshima ya mwalimu wangu, aliyewajua vijifichi kabla ya mashine yoyote.

"Lisajili," akanong'ona. "Lisajili hata sasa, mwanangu."

"Nimejaribu tangu asubuhi. Daftari linakataa. Linasema samaki huyu anaitwa Kahawia."