Uso Uliokataa Kufungwa

Nzisa alifunga faili, lakini uso wa mwanamume haukuondoka. Ulibaki katikati ya skrini, mweupe kama unga, ukimtazama.

"Bosi, hii mashini ina kitu."

"Ina wewe," akajibu Githinji bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Githinji ndiye mwenye saiba hiyo, duka la kompyuta la mtaa wa Landless, Thika, na alidharau kwa zamu: asubuhi wateja, mchana serikali, jioni Nzisa. Kompyuta yake kuukuu iliendeshwa na mfumo wa Linux, jambo alilomtajia kila aliyekuja kupiga fotokopi, kana kwamba amelivumbua yeye. Kazi kubwa ilikuwa vijitabu vya mazishi. Huku mtu hazikwi hivi hivi. Lazima awe na kijitabu chenye picha, na wasifu wake usomwe kwa sauti kando ya jeneza.

Ndicho kilichomleta Mzee Kaleli kutoka Ngoliba. Mkewe, Mukonyo, angezikwa kesho yake, na katika maisha yake yote alikuwa amepigwa picha moja tu, ndogo, ya pasipoti. Nzisa alimpisha mzee kiti chake chenye mto, akaipitisha picha kwenye skana kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba kifaranga.

Mukonyo akatokea kwenye skrini. Kisha mistari ikamkata usoni, na yule mwanamume wa uso wa unga akatokeza juu yake.

"Ngai!" Nzisa akanong'ona.

"Ni kadi ya picha," Githinji akasema. "Haifuti kumbukumbu yake. Majini ni ya Mombasa, mama. Hapa Thika shida ni draiva ya kadi."

Akaizima, akaiwasha, akaandika *nomodeset*, amri ya kuzuia draiva ya picha, kwenye mstari wa kuwashia, akipiga vidole kwa mbwembwe. Uso ukarudi, mkubwa zaidi. Akafungua kasha, akachomoa kadi, akasugua meno ya kadi hiyo kwa raba, akaipuliza kama mtoto aliyepewa uji moto. Ndani ya kasha hapakutoka harufu ya vumbi. Palitoka harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

"Panya," akasema Githinji, akachomeka kadi nyingine aliyoitoa Ruiru.

"Mwanangu," Mzee Kaleli akaita kwa sauti ya chini. "Hebu angalia."

Alikuwa ameishika ile picha ya karatasi. Macho ya Mukonyo yalikuwa yamefifia.

Nzisa alitazama karatasi, akatazama skrini, na hapo ndipo alipomtambua yule mwanamume, kwa kovu dogo juu ya nyusi, kwamba ni Simeon, kibarua wa sokoni ambaye jamaa zake waligombania mahali pa kumzika hadi hakuna aliyekuja kuchukua kijitabu chake, akafukiwa kimya kimya, naye Githinji, kwa uvivu wa kupanga kurasa upya, akaufuta uso wake na maneno yake, na tangu siku hiyo kila aliyekufa Landless akawekwa juu ya kurasa za Simeon, sala za Simeon, nyimbo alizochaguliwa Simeon, na sasa mdomo wa karatasi wa Mukonyo nao ulikuwa unayeyuka, na redio ya jirani ilikuwa imenyamaza, na kutoka ndani ya kompyuta ilisikika sauti kama ya sepeto ikikwaruza changarawe.

"Anamla mke wangu," mzee akasema. Hakupiga kelele. Hilo lilimuumiza Nzisa zaidi.

Wasifu wa Simeon, ambao haukuwahi kusomwa popote, aliuchapa Nzisa mwenyewe. Akaugeukia uso kwenye skrini.

"Simeon alikuwa mtu wa watu," akaanza. "Alibebea akina mama magunia mvua ikinyesha. Mtoto akipotea sokoni, alimweka mabegani aonekane na mamake..."

"Sasa unahubiria mashini?" Githinji akacheka.

Mzee Kaleli akavua kofia, akasimama. Nzisa akaendelea hadi mwisho, akasema amina. Uso ukasikiliza. Ukainamisha macho kama mtu aliyeshukuru, ukaenda. Mukonyo akarudi kwenye skrini, akarudi na kwenye karatasi, macho yake, mdomo wake wote. Mzee aliibusu ile picha bila kuona haya.

Vijitabu vilipokwisha kuchapwa, Githinji akafyonya.

"Si niliwaambia ni kadi? Huyo Simeon hata jamaa zake walimsusa, atamsumbua nani? Nzisa, maiti wa Jumatatu mweke kwenye kurasa hizo hizo."

Akaizima kompyuta, akasogeza uso kwenye kioo cheusi ajichokonoe meno.

"Hata kioo kimechakaa. Sijioni."

Nzisa akatazama. Kwenye weusi ule alijiona yeye. Alimwona Mzee Kaleli amekumbatia vijitabu vyake. Aliona kiti cha Githinji, na ingawa Githinji alikuwa ameketi juu yake, kioo kilionyesha kiti kitupu. Harufu ya udongo ikapanda tena.

Alijua la kufanya. Akafungua kinywa haraka aseme jema moja tu alilowahi kutenda Githinji, moja tu, hata dogo, akatafuta na kutafuta, asilipate, huku bosi wake akisugua kioo kwa mkono wa shati na kumuuliza anaachama nini kama samaki.