Mzee wa Ukweli

"Usiiguse hiyo kompyuta," Kocha alisema.

Mkono wa mchumba wake ukabaki hewani. Kwenye skrini kubwa ukutani, mbele ya wachezaji wote, jina la akaunti lilikuwa limeshatokea: Mzee wa Ukweli.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tangu chuo kimkabidhi mwanamke huyu timu ya gemu za mashindano, naye akaingiza wasichana kikosini, Mzee wa Ukweli hakukosa mechi iliyorushwa mtandaoni. Aliandika uchafu ambao huwezi kuusoma huku unakula. Nahodha, binti waliyemwita Radi kwa wepesi wa vidole vyake, ndiye aliyeandamwa zaidi, mpaka akaacha timu na kujifungia nyumbani. Na leo mchumba wa Kocha, mhadhiri pale pale chuoni, alikuwa amejitolea kuleta kompyuta yake ili timu itazame marudio ya mechi. Akasahau kutoka kwenye akaunti.

Kocha aliwaomba wachezaji watoke. Walipita mbele ya Mhadhiri bila kumtazama.

"Ni wewe."

"Naweza kueleza."

"Eleza."

Akaeleza, maana kueleza ndiyo kazi yake. Alianza kwa mzaha, alisema. Kocha alikuwa amemezwa na kazi, simu hapokei, kila wikiendi mashindano. Wasichana wangeondoka, timu ingekufa, naye Kocha angepumzika, wafunge ndoa, waishi kama watu. Yote aliyafanya kwa mapenzi.

Kocha alikumbuka jioni alizolia kifuani mwa mtu huyu. Ndiye aliyemchemshia chai, akamkanda mabega, akamwambia, nisomee leo wameandika nini. Naye akasoma, huku mwenzake akisikiliza kwa makini.

"Ulikuwa unapenda nikusomee," alisema. "Ulikuwa unajionjea mapishi yako."

"Mpenzi wangu..."

"Usiniite hivyo. Unanuka maneno yale."

Mhadhiri alinyoosha mkono amshike bega. Kocha akaruka nyuma kama aliyekanyaga matapishi. Alienda msalani, akanawa mikono, akanawa shingo, akasugua mabega mpaka blauzi ikalowa, na bado akajiona mchafu.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kumshtaki kwa mkuu wa chuo. Jioni ujumbe wa Mhadhiri ukaingia: "Nimeifuta akaunti. Yameisha. Tafadhali usimwambie mama, presha yake unaijua."

Hakumwambia. Mama mkwe alikuja mwenyewe ofisini, keshalishwa hadithi kwamba watoto wamegombana kwa sababu ya gemu. Alibembeleza. Mwanaume akipenda sana hupungukiwa akili, alisema, na yeye mwenyewe kwenye ndoa yake alimeza mengi. Kocha alimpenda mama huyu. Hata kabla ya uchumba alikuwa akimwita mama. Kwa hiyo hakubishana. Alifungua kwenye simu picha za maneno yale alizompelekea mkuu wa chuo, akampa.

"Nisomee hapa, mama. Kwa sauti."

Mama akavaa miwani. "'Huyu nahodha mwenye meno ya...'" Akanyamaza. Yaliyobaki aliyasoma kwa macho, midomo ikimchezacheza.

"Kaandika mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mtoto wa watu kafiwa na mama yake, halafu anaandikiwa kwamba mama alikufa kwa aibu ya kumzaa?"

Kocha aliitikia kwa kichwa. Mama akaiweka simu kifudifudi mezani, akajifuta vidole kwenye gauni. Kisha akauliza Radi anaishi wapi.

Walikwenda pamoja. Mlango ulifunguka kidogo tu, jicho moja likachungulia.

"Aliyekuandikia yale ni mhadhiri wenu, na nimemzaa mimi," mama alisema. "Yeye hana uso wa kuja hapa. Nisamehe, mwanangu."

Radi alimgeukia Kocha. "Si ndiye anayekuoa?"

"Hanioi tena."

Jicho lile liliwatazama wote wawili. Halafu mlango ukafunguliwa wazi, na Radi akasogeza nguo kwenye kochi ili wageni wapate pa kukaa. Kuhusu kurudi kikosini alisema atafikiria. Kocha hakumsukuma.

Wakiwa njiani kurudi, mama alisimama, akatoa kitambaa kwenye pochi.

"Nipe pete yake. Nitampelekea mimi, usimwone tena."

Kocha akaivua. Mama aliipokea kwa kitambaa, kama mtu anayeokota mdudu aliyekufa, akaifunga humo ndani.

"Na mimi," aliuliza bila kuinua macho, "utaendelea kuniita mama?"

"Twende, mama," Kocha akasema, akamshika mkono wavuke barabara.