Mwacheni Syokau Apike

Kila asubuhi Syokau alisikia wanawake wakitwanga mahindi ya kupikia muthokoi uani kwake, naye amekalishwa kitini. Mikono yake ilimwasha kwa hamu ya kushika mchi.

Alikuwa mjane, akiishi peke yake karibu na soko la Kathonzweni. Kiangazi aliteleza akichota maji katika mchanga wa mto mkavu, akaumia nyonga. Daktari alisema mfupa haukuvunjika. Hata hivyo, mwanawe Kisilu alikuja mbio kutoka Mombasa, alikofanya kazi.

"Mwaitu, mama yangu, twende tukaishi wote."

"Na baba yako nimwachie nani?" Kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya nyumba.

Kisilu alikuna kichwa. "Basi nitarudi Krismasi. Nikikuta huwezi kujiinua, nitakubeba mgongoni hadi kituo cha basi."

Wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walipanga zamu. Walichota maji, wakafua, wakapika. Syokau akinyanyua hata kikombe, kiongozi wao Ndululu alimnyang'anya.

"Kaa, susu! Bibi kama wewe akipika tukiwa hapa, soko zima litatucheka."

Walimheshimu sana. Lakini miguu yake ilizidi kulegea, hata akawa hasimami bila kuvutwa. Jioni, walipokwisha kwenda, alilitazama jiko lake kama jiko la watu.

Siku moja alifika Mumbua, mhudumu wa afya wa kijiji. Alimwomba Syokau asimame. Ndululu akakimbilia kumvuta.

"Ngoja, dada. Mwache ajaribu."

Syokau alijaribu, akarudi kitini puu!

"Unaona? Huyu ni mgonjwa!" alisema Ndululu.

"Nyonga imepona. Miguu isiyotumika huishiwa nguvu. Mmempenda mpaka mmemkalisha."

"Sasa tumtupe?"

"Hapana. Msaidieni yale asiyoyaweza. Maji ya mchangani na kuni ni kazi yenu. Mengine, mwulizeni mwenyewe."

Ndululu alikunja uso. "Haya, susu. Unataka nini?"

"Nataka sufuria yangu. Na wewe utoke jikoni. Muthokoi wako hauna chumvi!"

Wote walicheka. Ndululu alicheka wa mwisho.

Wakaanza kazi. Walijenga meko juu ya matofali, Syokau asiiname. Maji waliyagawa katika vidumu vidogo. Njia ya chooni waliisimamishia nguzo, wakafunga fito za kushikilia. Kila asubuhi mmoja wao alipita kumjulia hali na kutembea naye polepole hadi kaburini. Mwanzoni aliishia njiani, akarudi akilia. Kesho yake alijaribu tena.

Krismasi Kisilu alikuja. Mama yake alishika fimbo, akajiinua, akampakulia chakula. Kisilu alikula akamaliza.

"Nimekuandalia chumba, mwaitu," alisema mwishowe. "Hata kitanda kipo."

"Najua. Nakutamani kila siku, mwanangu. Lakini huko nitakaa tu, na nikikaa nitakwisha."

Kisilu alitazama chini. "Basi ubaki. Nitakuja na watoto likizo ya Aprili."

Siku ya kuondoka, Syokau alimsindikiza hadi barabarani kwa miguu yake. Basi lilipotokomea, hakugeuka. Alisimama akitazama vumbi likitua.

Ndululu alipita na kuni kichwani. "Susu, bado uko hapa? Nikushike mkono?"

"Nishike," alisema Syokau. "Miguu haina shida. Nishike tu."