Ukurasa wa Marehemu Kokushubila

Jumatatu ile niliamka kama kawaida, nikafagia mbele ya duka na kumwagia maji vumbi la mbao lililopeperuka kutoka kwa mafundi seremala. Duka ni la mama yangu mdogo, Bupe. Lipo Keko, limebanwa kati ya fundi wa vitanda na fundi wa majeneza. Tulikuwa wawili tu, yeye na mie: kuchapa, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti. Mie naitwa Lusungu. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipoanza kuumwa mgongo huko Tukuyu, na Mamdogo Bupe akanichukua. Kompyuta nimejifunzia dukani kwake. Haya ninayoyasimulia yalimpata yeye, mbele ya macho yangu.

Niliiwasha mashine, nikageuka kupanga karatasi. Nilipotazama tena, ukurasa ulikuwa umeshafunguka wenyewe. Juu msalaba na mpaka wa maua, chini yake maneno makubwa: HISTORIA FUPI YA MAREHEMU KOKUSHUBILA. Chini ya hapo, weupe mtupu.

Nikaufunga. Sikuogopa, nilikereka tu. Kompyuta za mtumba ndivyo zilivyo. Zina programu zinazojiwasha zenyewe mashine inapoamka. Hujaziita, zinakuja, na mashine inakuwa nzito mpaka wateja wanaondoka. Dawa yake naijua. Unabonyeza Control, Shift na Escape kwa pamoja, unaingia kwenye orodha ya Startup, unaichagua usiyoitaka, unabonyeza Disable. Niliingia. Zilikuwepo sita. Tano zina majina na majina ya waliozitengeneza. Ya sita haikuwa na jina lolote, alama ndogo ya karatasi tu. Nikaizima.

Jina lile nililifahamu, na hapa lazima niseme ukweli wangu.

Watu wakishaagiza jeneza kwa jirani yetu, huja kwetu kuchapisha ratiba ya mazishi na historia ya marehemu. Wanakuja na haraka, gari limewashwa nje, padri anasubiri. Kwa hiyo hatuandiki ukurasa mpya. Tunafungua wa marehemu aliyetangulia, tunafuta jina, tunaweka jingine, tunabadilisha tarehe na watoto. Maduka yote ya kuchapa ninayoyajua yanafanya hivyo. Mwaka jana alikuja dada mmoja, Sesilia, muuza ndizi wa Tandale, na daftari la kurasa nne. Ameandika kwa mkono maisha yote ya mama yake, Bi Kokushubila wa Bukoba.

"Badilisha jina na tarehe," Mamdogo aliniambia. "Mengine utamalizia, gari lile linapiga honi."

Sikumalizia. Nilisahau, nikachapa. Kanisani wakasoma kwamba Bi Kokushubila alikuwa mlinzi hodari wa bandarini, ujanani alicheza mpira namba tisa, na ameacha mke mmoja. Watu wakacheka. Wakacheka jeneza likiwa mbele yao.

Sesilia alikuja kesho yake, macho mekundu. "Mama yangu kazikwa na maisha ya mwanamume," alisema. "Nipeni basi daftari langu."

Daftari halikuwepo. Mamdogo alikuwa amelichanachana kujaribia wino wa printa. "Makosa ya kuchapa, dada yangu," akamjibu. "Yanatokea. Marehemu hasomi."

Jumanne asubuhi ukurasa ulifunguka tena. Niliingia kwenye orodha: ile isiyo na jina ilikuwa imejirudisha. Safari hii chini ya jina palikuwa na mstari mmoja. *Alizaliwa Tukuyu, mtoto wa tatu, katika nyumba ya bati jekundu nyuma ya soko.*

Nilidhani Mamdogo ananitania. Nyumba ile ni ya babu. Nikamwita.

"Huyu si Mhaya?" alisema. "Tukuyu kafikaje?"

"Mamdogo, hapo ni kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Tukuyu. Bati jekundu."

Akanitazama kama anayesubiri nimalizie mzaha. "We mtoto, mie Tukuyu sijawahi kukanyaga."

Mchana mama alipiga simu. Nikampa Mamdogo aongee na dada yake. Nikasikia mama akimsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile." Mamdogo akaiondoa simu sikioni, akaitazama. "Huyu anaongea lugha gani?" akaninong'oneza.

Jumatano niliwahi. Nilizima programu zote sita, si ile tu. Nikaingia kwenye folda ya vitu vinavyojiwasha, ilikuwa tupu. Nikatafuta jina Kokushubila kwenye mashine nzima. Hakuna. Nikachomoa hata modemu ya intaneti. Nikazima, nikawasha. Msalaba, maua, jina. Na mstari wa pili. *Akiwa na miaka sita aliungua mkono wa kushoto kwa uji, kovu likabaki.*

Kovu hilo nalijua. Limekaa kama jani, tangu kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Nilikimbilia nyuma, Mamdogo alikuwa anaosha vyombo, mikono ya gauni ameikunja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa laini kama wa mtoto.

Siku ile nililia kwa hasira. Hasira ya kubonyeza kitu kilekile mara ishirini na kukikuta vilevile. Ningejua la kufanya ningelifanya. Lakini kila nilichofundishwa nilikuwa nimeshakifanya, na Mamdogo ananigombeza: "Umeibonyezabonyeza mwenyewe, sasa unanisingizia mie mambo. Mara nimezaliwa huku, mara nimeungua. Umenichoka?"

Alhamisi mstari ulikuwa wa ubatizo wa Mamdogo. Ijumaa, wa harusi yake na marehemu mumewe. Nilimwonyesha picha ya harusi iliyo ukutani. "Mzuri huyu mwanaume," alisema. "Wa nani?"

Nikamwita Isack, fundi wa kompyuta wa Temeke ambaye wenye maduka wote wanamwamini. Alikuja anacheka, begi begani.

"Sista, huyo ni kirusi tu. Napiga chini kila kitu, naweka Windows mpya. Nusu saa umekunywa chai."

Akafuta kila kitu. Akaweka upya. Akawasha. Msalaba. Maua. Jina. Mistari yote minne.

Isack akaacha kucheka. Akaizima, akafungua boksi la mashine, akachomoa diski, ile ambayo ndani yake ndimo kila kitu kinatunzwa. Akaishika mkononi. "Sasa haina kitu cha kusoma," alisema. "Italalamika tu, kioo cheusi." Akawasha.

Ukurasa ukafunguka.

Tulisimama pale. Diski iko kiganjani mwake. Kwenye kioo, herufi zikaanza kuandikwa, moja moja, kama mtu asiyezoea kuchapa. *Alifungua duka Keko.*

"Sista," Isack alinong'ona. "Nani anaandika?"

Aliirudisha diski, akaondoka mbio. Akasahau bisibisi zake. Mpaka leo hajazifuata.

Nilichomoa waya wa umeme, nikaufungia kabatini, na ufunguo nikalala nao. Jumamosi asubuhi mashine ilikuwa imekufa kabisa, baridi. Nikashusha pumzi. Kisha nikaona karatasi moja kwenye printa, na printa nayo haikuwa kwenye umeme. Historia yote. Sasa ilikuwa imejaa karibu ukurasa mzima, mpaka sala alizokuwa anazipenda Mamdogo, mpaka nyimbo za kwaya. Mwisho palikuwa na neno moja ambalo halijamaliziwa.

*Ameacha*

Mamdogo alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja. Mikono mapajani. Nikamwamkia, "Shikamoo Mamdogo." Hakuitika. Nikamuuliza jina lake. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua.

"Sijaambiwa," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mama alikuwa ameenda huko alikoenda bila maisha yake. Tulimpa ya mlinzi, akayakataa. Sasa alikuwa anachukua ya Bupe, na kilichobaki kilikuwa mstari mmoja.

Nilimfungia Mamdogo ndani, nikaenda Tandale. Nilimkuta Sesilia sokoni katikati ya mikungu. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Mmekuja kucheka tena?"

Nilipiga magoti palepale kwenye matope, wapagazi wananipita na magunia, mmoja akanitania, "Dada, ndizi haziombwi hivyo!" Nikamweleza yote. Sesilia hakuonyesha kushangaa. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaniambia nikae.

"Ile historia mama aliniandikisha mwenyewe," alisema. "Kitandani. Neno kwa neno. Aliniambia, hakikisha wanaisoma hivihivi, nisije nikapotea." Akafuta jasho. "Andika. Lakini ukishaichapa, utakwenda kuisoma kaburini wewe mwenyewe, kwa sauti. Wewe uliyesahau."

Nikaandika. Bi Kokushubila alizaliwa Kamachumu. Alikuwa mkunga wa kienyeji, alipokea watoto mia na zaidi, na hakupoteza hata mmoja mikononi mwake. Alikuwa anaogopa paka. Alipenda kuimba akimenya ndizi. Mumewe alimwacha, akawalea watoto wawili peke yake, Sesilia na Gozbert. Kulikuwa na wa tatu, wa kike, wa mwisho. Alizaliwa mfu. "Huyo usimwandike," Sesilia alisema. "Mama alimlilia mpaka anakufa. Hakumpa jina."

Nilirudi mbio, nikachomeka waya, nikawasha. Ukurasa ulikuja. Nikaanza kufuta mstari wa kwanza wa Mamdogo, Tukuyu, na badala yake nikaandika Kamachumu. Mashine ilikuwa nzito. Nikiandika herufi tatu, inafuta mbili. Nikarudia. Vidole vikaniuma. Nikarudia. Nilikuwa naongea peke yangu, "Bibi, ni ya kwako hii, pokea ya kwako." Mstari wa uji ulipofutika, nilisikia nyuma yangu Mamdogo akiguna. Nikageuka. Kovu lilikuwa linarudi taratibu, kama wino kwenye karatasi iliyoloa.

Nilifika kwenye neno la mwisho. *Ameacha.* Nikaandika: *watoto wawili, Sesilia na Gozbert.* Safari hii mashine haikubisha. Nikachapa nakala moja, nikaikunja bila kuisoma tena, nikaitia mfukoni.

Makaburi ya Kinondoni, saa kumi alasiri. Jua kali, watu wa misiba mingine wakiimba upande wa pili. Sesilia alisimama mkono wangu wa kulia. Gozbert, kaka yake, alikuwa ametoka kazini na ovaroli yake. Nikafungua karatasi, nikasoma kwa sauti. Kamachumu. Ukunga. Paka, Gozbert akatabasamu. Kumenya ndizi. Nilikuwa nasoma haraka, nataka nimalize, sauti ikanitangulia kabla macho hayajaelewa.

"Ameacha watoto watatu: Sesilia, Gozbert na Lusungu."

Nilitazama karatasi. Jina langu lilikuwepo. Herufi zilezile, wino uleule.

Nikamgeukia Sesilia nimwambie sio mie, sikuandika hivyo. Alikuwa analia kimyakimya. Akanishika bega. "Umesoma vizuri, mdogo wangu," alisema. "Mama amesikia." Gozbert naye akanitwaa mkono, akaniambia nisichelewe nyumbani, chakula kitapoa.

Nilikimbia mpaka Keko. Duka lilikuwa wazi. Mamdogo alikuwa kaunta, mchangamfu, kovu lake mkononi, anamsimulia fundi wa majeneza habari za Tukuyu, baridi yake, bati jekundu la baba yake. Kila kitu kilikuwa kimemrudia. Nilisimama mlangoni machozi yananitoka kwa furaha.

Akaniona.

"Karibu, dada. Unachapa, au unatoa kopi?"

"Mamdogo. Ni mie, Lusu."

Akacheka kidogo, kwa upole. "Utakuwa umenifananisha, mwanangu. Tumebaki wawili tu, mie na dada yangu, na yeye hakujaaliwa kupata mtoto."

Nilimwomba aniruhusu nitazame kompyuta. Aliniruhusu, nadhani alinihurumia. Iliwaka haraka kuliko siku zote. Hakuna ukurasa uliokuja. Kwenye orodha zilikuwepo programu tano tu.

Nikatoka nje, nikapiga simu Tukuyu. Namba ya mama naijua kwa kichwa. Iliita mara nne. Nikasikia akikohoa, nikasikia kuku wake nyuma.

"Mama," nilisema. "Mama, shikamoo."

Kisha ile sauti yake, yenye heshima, anayoitumia kwa wageni.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Naandika haya Tandale, nyumbani kwa Sesilia. Wananipenda. Chumbani wamenipa kitanda kilichotandikwa siku nyingi, na chini ya mto nimekuta kadi ya kliniki ya mtoto, imechakaa, ina jina langu na tarehe yangu ya kuzaliwa. Sehemu ya uzito wa mtoto imejazwa mwezi hadi mwezi kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mtu mzima, na wino wa mwezi wa mwisho haujakauka.