Stesheni ya Korongo la Mazengo

Kilichoanza ni harufu ya tope. Mwezi wa tisa, Dodoma, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa, na chumba cha Anastazia pale Ipagala kilinuka tope bichi, kana kwamba maji yamepita humo asubuhi. Alifagia, akapiga deki, akatoa godoro juani. Harufu haikwenda popote. Ilitokea uvunguni mwa kitanda, na uvunguni kulikuwa na sanduku lenye kifaa ambacho hakutaka hata kukikumbuka.

Anastazia alikuwa akisomea uzamivu katika uhandisi wa mawasiliano. Utafiti wenyewe ulikuwa mzuri, tusimwonee: vifaa vidogo vinafungwa kwenye makorongo ya Hombolo, vinapima kina cha maji, na mkulima anapata meseji ya kumwambia avuke au asivuke. Kule mafuriko humkuta mtu jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha mbali, milimani. Kifaa cha tatu alikifunga kwa mzee Mazengo, mkulima wa zabibu, aliyemuuliza, "Kwa hiyo mwanangu, mawingu nisiyatazame tena?"

"Tazama simu tu, mzee," alijibu kwa madaha.

Msimu wa mvua uliopita betri ya kifaa kile ilikufa. Anastazia alikuwa anakimbizana na makala ya jarida, na grafu yenye pengo ingemtia aibu. Badala ya kwenda Hombolo, alikaa akaandika programu fupi ya kujaza namba za kubuni. Namba zikasema korongo ni kavu. Mfumo ukaziamini, ukatuma meseji. Mzee Mazengo akaisoma, akavuka, maji yakamchukua.

Mazishini mchungaji alihubiri juu ya ulevi. Kijiji kizima kilisema mzee alitoka kilabuni, maana mtu mwenye akili zake angekosaje kusikia maji yanakuja? Mjane wake, Edina, aliinamisha kichwa kwa aibu. Anastazia alikaa nyuma yake kabisa, akijua ukweli wote, na akanyamaza. Baadaye alikwenda akaking'oa kifaa kimyakimya. Namba za uongo aliziacha ndani ya tasnifu.

Sasa siku ya kuitetea tasnifu hiyo ilikuwa imekaribia. Fredy, mwenzake wa maabara, alimvuta pembeni.

"Dada, ile stesheni ya tatu si uliitoa?" alinong'ona.

"Niliitoa."

"Mbona inatuma?"

Kwenye kompyuta mstari ulikuwa unapanda taratibu. Maji ya magoti. Ya kiuno. Ya kifua. "Ikifika hapa inasimama," Fredy alisema akijishika shingo. "Halafu inaanza upya. Imeshinda hivyo tangu asubuhi."

Anastazia alirudi nyumbani karibu anakimbia. Mchana kweupe, majirani wakianika nguo nje, alilivuta sanduku na kulifungua, akakiona kifaa kisicho na betri kikichuruzika maji yenye mchanga, na alipotaka kupiga kelele akasikia uvunguni mtu akivuta miguu ndani ya maji, pole pole, kama anayetafuta pa kukanyaga, akivuta pumzi, akikohoa, akivuta tena, mpaka Anastazia akajikuta naye anahesabu pumzi zake mwenyewe akiogopa zitaisha kabla za yule hazijaisha.

Mwenye nyumba, Mama Bupe, aliyemkuta ametoka mbio hadi uani, alimleta Penina, mwanamaombi anayesifika kwa kufukuza majini. Penina alianza kwa sauti ya kutikisa bati. Ghafla akanyamaza, akakaa chini.

"Huyu simfukuzi," alisema taratibu. "Si jini. Ni mtu, na ana neno lake. Wewe umelikalia."

"Nikilisema, shahada sipati."

"Sijakuuliza habari za shahada, mwanangu."

Kesho yake Anastazia alikwenda Hombolo, akamkuta Edina amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, anabangua karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, karibu ukae."

Hakukaa. Aliogopa kwamba akikaa atameza tena maneno yale. Alisema yote: betri, namba za kubuni, meseji, ukimya wake mazishini.

Edina aliacha kubangua. "Kwa hiyo hakuwa amelewa."

"Hapana, mama. Aliniamini mimi."

"Mimi nimemwita mlevi. Kaburini sijakanyaga. Joel na wadogo zake nimewakataza kulitaja jina la baba yao." Alimwinulia macho. "Na wewe ulikuwa nyuma yangu pale."

"Nitamwambia mchungaji leo. Kesho msimamizi wangu. Wanifute."

Harufu ya tope ilipanda kutoka upande wa korongo lililokauka, na kwenye vumbi la njia, ambako hakukuwa na mtu, zikaanza kutokea nyayo mbichi, moja mbele ya nyingine, zikija bila haraka hadi zikasimama pale alipo Anastazia, karibu kiasi kwamba alisikia matone yakidondoka na akahisi baridi shingoni, akafumba macho na kungoja alichostahili. Nyayo zikampita.

Edina aliikusanya kanga yake, akasogea pembeni kwenye mkeka. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kaa, baba Joel," alisema. "Kaa ukauke."

Mkeka ukaanza kulowa. Anastazia alibaki amesimama, na hakuna aliyemkaribisha tena.