Sikio la Kwenye Kioo

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, saa tano asubuhi, pale lifti ya jumba la maduka ilipogoma na watu tele ndani yake. Wenye jumba, ambao huikumbuka lifti ikishakwama, walimwita fundi. Fundi akaja mbio: mwanamke mrefu, ovaroli ya buluu, kitambaa cha njano kichwani kimelazwa upande wa kushoto. Alipomaliza kazi, mikono yake ilikuwa grisi tupu hadi viwikoni.

Koleo alimwona akipita mbele ya duka la vito. Koleo ndilo jina alilopewa na wenzake, kwa kuwa miaka yote alikaa chumba cha nyuma akitengeneza hereni kwa koleo lake dogo. Sasa wakubwa walikuwa wamemtoa huko, wakamvalisha shati jeupe na kumsimamisha kando ya kioo kipya. Kioo chenyewe kilikuwa skrini yenye kamera. Unasimama mbele yake, unachagua hereni, mkufu au miwani, nayo inakuvalisha palepale. Ukigeuza shingo hereni inacheza, ukijipapasa hakuna kitu.

"Wametoka wote?" Koleo akamuuliza.

"Wote. Mmoja katoka na matusi, eti nimemchelewesha saluni. Una ndugu yako humo?"

"Sina. Nauliza tu. Marehemu mke wangu alipandishwa ngazi kwa machela hospitalini, ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa mbovu tangu mwaka uliotangulia. Wakubwa wa hospitali walianza kwanza kununua makochi ya ofisini mwao."

Fundi akasimama. Hakusema yale maneno ya kazi ya Mungu ambayo Koleo alishayachoka.

"Ningekuwa mimi," akasema, "ningeyatoboa hayo makochi."

Koleo alicheka, na kilikuwa kitambo hajacheka.

"Na hiki kioo chenu kinapima nini? Homa?"

"Kinavalisha hereni. Jaribu."

"Kwa mikono hii? Nikikigusa mtanifungia getini."

"Nitakubonyezea mimi."

Akabonyeza lugha, akabonyeza "Nakubali", akabonyeza hereni ndefu zenye umbo la jani. Fundi akasukuma kitambaa kwa kiwiko. Upande wa kushoto hakuwa na sikio. Moto wa utotoni ulilichukua, ukaacha kovu laini. Kioo kikaandika: *Uso haujakamilika.*

Koleo aliona aibu kwa niaba ya kioo. Alijua njia ya kukizunguka, maana wanawake wenye nywele nyingi walikisumbua hivyohivyo. Akaburuza alama ya sikio kwa kidole, akaiweka penye kovu. Kioo kikachora sikio zima, na hereni ikaning'inia.

Fundi alijitazama.

"Huyu ni nani?" akauliza, akatabasamu kidogo, akaenda zake.

Koleo akadhani amemfurahisha.

Fundi aliporudi kuikagua lifti wakapeana namba, zikaanza simu.

"Fundi, umekula?"

"Niko juu ya lifti, bwana. Nitakulia wapi, kwenye kamba?"

"Shuka nikuletee."

"Wewe unaniletea chakula au unakuja kunitazama?"

"Chakula ni kisingizio."

Siku moja Koleo alimletea kikaratasi kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na hereni moja ya fedha aliyoitengeneza mwenyewe.

"Na ya pili?"

"Sijaitengeneza. Ungeiweka wapi, mpenzi?"

Fundi alicheka hadi akaketi kwenye sanduku la vifaa. Tangu hapo hakuivua, na kitambaa akakiacha nyumbani.

Sasa angalia kazi ya wakubwa. Hawajui hata majina ya wanaowafagilia sakafu, lakini sura inayouza wanaijua. Asubuhi moja simu ya Koleo ikaita.

"Uko wapi?"

"Dukani, kipenzi."

"Toka nje. Tazama juu ya mlango mkubwa."

Akatoka. Uso wa fundi ulikuwa umetandazwa pale, mpana kama ukuta, masikio mawili, hereni mbili za jani. Chini yake: SASA UMEKAMILIKA.

"Mama ananiuliza nimepasuliwa lini na kwa nini nimemficha," fundi akasema. "Nani aliwaruhusu?"

"Mimi. Nilibonyeza 'Nakubali'. Mikono yako ilikuwa na grisi."

"Ulisoma?"

"Sikusoma."

"Na sikio? Nalo ulilibandika bila kusoma?"

"Nilitaka ufurahi."

"Nilikuja kutengeneza lifti, Koleo. Nani alikwambia nina huzuni?"

Akakata. Koleo akapiga tena na tena. Simu iliita ikanyamaza. Akapanda kwa meneja, kijana wa suti ya kubana anayenukia tangu koridoni.

"Ile picha ishushwe."

"Mteja alikubali, mzee."

"Niliyekubali ni mimi."

"Basi mwambie ashukuru. Makao makuu wameipenda."

"Na yeye?"

"Yeye nani?" meneja akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Koleo akashuka na jibu hilo kifuani. Jumamosi iliyofuata duka lilipofurika, alisimama kando ya kioo kama kawaida, ila hakumbonyezea mtu.

"Dada, soma kwanza hapa," alimwambia kila aliyekuja. "Ukikubali, wanaweza kuubadilisha uso wako na kuutundika mlangoni. Kama yule wa pale juu. Yule hana sikio hilo, na hakuulizwa."

Foleni ikayeyuka. Meneja akashuka mbio, tai begani.

"Umechanganyikiwa? Vua shati la duka uondoke. Huna kazi."

Koleo akavua shati, akabaki na fulana, akalikunja vizuri na kumkabidhi. Akatoka hadi mlango mkubwa, na hapo akasita.

Fundi alikuwa amesimama chini ya picha yake. Gauni jekundu, nywele zimenyolewa chini kabisa, kovu nje, hereni moja ya fedha inacheza kwenye sikio la kulia. Watu walimtazama, wakatazama juu, wakamtazama tena. Simu zikainuliwa.

"Ishusheni," alimwambia meneja aliyekuwa amefuata nyuma.

"Lazima tuwaulize makao makuu."

"Waulizeni. Nitasubiri papa hapa, na kesho, na Jumamosi zote. Kila atakayenunua hereni kwenu atanipita kwanza."

"Nitawaita walinzi."

"Waite," akadakia mama mmoja mwenye kapu, akaja kusimama karibu naye. "Na mimi wanibebe. Miguu inaniuma."

Watu wakacheka, wengine wakasogea. Meneja akageukia ukuta na simu yake, akianza na "samahani sana, bosi".

Koleo alikaribia, fulana imelowa jasho.

"Sijakusamehe," fundi akasema bila kumtazama.

"Najua."

"Na shati lako?"

"Limebaki na wenyewe."

"Unapendeza bila hilo. Sogea, unanizibia kwenye picha za watu."

Akasogea, lakini upande wa kushoto, penye kovu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Walinzi wawili walikuwa wanakuja polepole, hawana haraka na kazi ile.

"Fundi," akasema, na mama wa kapu akamnyamazisha mtoto aliyekuwa akilia ili asikie vizuri. "Siku ile nilikujibia kabla hujaulizwa. Leo nakuuliza, na jibu ni lako, hata kama ni hapana, hata kama ni mwakani. Sina kazi, sina shati, na wakubwa wote wa jumba hili hawanitaki. Utakubali kuolewa na mimi?"